Kifaa cha kompyuta kimekufa na waranti bado ipo, hivi ndo unavyodai bila kupigwa danadana

Mara ya kwanza kudai waranti ya RAM, yaani memori ya kompyuta, niliandika imeili ya mistari miwili, "RAM yenu imeharibika naomba mnibadilishie", nikaenda kulala najua kesho mambo safi. Kilichofuata ni wiki tatu za danadana. Wananiuliza umejaribu slot nyingine (pale inapochomekwa), najibu ndio, siku mbili kimya, wananiuliza umeapdeti BIOS (ile programu ya msingi inayowasha kompyuta), najibu ndio, siku mbili tena, wanataka risiti, natuma, wanasema picha haisomeki. Mara ya pili, kifaa kingine kampuni nyingine, niliandika imeili moja yenye kila kitu na kesho yake nikapewa namba ya RMA, yaani kile kibali cha kurudisha mzigo. Simjui mtu pale na wala sikupiga kelele, ni kwamba yule aliyeisoma hakubakiwa na swali la kuniuliza.

Na hilo ndo jambo lote la kuelewa kabla hujagusa kibodi. Anayepokea imeili yako mara nyingi hata sio fundi, ni mtu ana orodha ya maswali mbele yake na foleni ya watu wengine nyuma yako, kompyuta yako haioni wala hawezi kuigusa, na anajua vifaa vingi vinarudishwa vikipimwa vinakutwa vizima, tatizo lilikuwa draiva (programu inayoendesha kifaa) au waya haujaingia vizuri. Kwa iyo kazi yake ni kuchuja. Ukishamjibu maswali yake kabla hajauliza anakupitisha, ukimwachia pengo moja anarudi na swali, na kila swali linakula siku mbili, ongeza na tofauti ya masaa kati yenu na wikendi zao ndo unashtukia mwezi umekatika.

Kwanza jiridhishe ni chenyewe

Hapa ndo wengi tunachemka. Kompyuta inajizima katikati ya gemu, mtu anaamua hii ni kadi ya grafiki, anaifunga anaituma, baada ya wiki kadhaa inarudi na karatasi imeandikwa hatukuona tatizo, kumbe ni pawasaplai, ile inayogawa umeme ndani ya kompyuta. Na nauli ya kwenda ameshalipa yeye.

Mfano ambao kila mtu anatakiwa aukumbuke ni zile prosesa (ubongo wa kompyuta) za Intel za kizazi cha 13 na cha 14. Magemu yalikuwa yanakatika na ujumbe kwamba memori ya video imeisha, sasa nani akiona hivyo asilaumu kadi ya grafiki? Watu wakabadilisha kadi, wakafuta draiva, wakapiga Windows upya, wapi. Kumbe prosesa ndo ilikuwa inachoka taratibu kwa kulishwa volti kubwa kuliko inavyotakiwa. 2024 Intel wenyewe wakakubali, mwezi wa 8 wakatoa maikrokodi, yaani maelekezo mapya ya ndani ya prosesa, ya kurekebisha volti na wakaongeza miaka 2 ya waranti kwa zile prosesa zilizouzwa kwenye boksi, jumla zikawa miaka 5. Maikrokodi yenyewe haiponyi prosesa iliyokwisha haribika, hiyo ni ya kubadilisha tu. Ndo maana nasema ujumbe wa kwenye skrini uuchukulie kama dalili, mgonjwa akisema kichwa kinauma hujui bado ni malaria au ni njaa.

Kabla ya kipimo chochote rudisha BIOS kwenye mipangilio ya kiwandani, na uzime XMP au EXPO, ile mipangilio ya kuikimbiza RAM zaidi ya kasi ya kawaida. Watu hawapendi kusikia hili, ila kwa hesabu za watengeneza prosesa kuwasha XMP ni overklok, yaani kukikimbiza kifaa kupita kasi yake ya kiwandani, na saporti watakuuliza tu. Kama RAM inafeli XMP ikiwa imewashwa na inapita ikiwa imezimwa, andika hivyohivyo zote mbili, maana hapo mkosaji anaweza kuwa RAM, anaweza kuwa prosesa, anaweza kuwa mazabodi (ile bodi kuu), na ukificha nusu ya habari utarudishwa mwanzo.

Alafu badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na tatizo likaondoka hujui ni kipi, umetwanga maji kwenye kinu. Na kipimo kinachoshinda vyote ni kuhamisha: azima kompyuta ya rafiki ambayo ni nzima, weka kile unachokishuku, tatizo likihama nacho umemaliza kesi. Sentensi "nimekijaribu kwenye kompyuta nyingine na tatizo ni lilelile" inafungua milango kuliko kurasa tatu za malalamiko.

Kwa RAM tumia MemTest86 au MemTest86+, unaiweka kwenye flashi unaiwashia kompyuta. Ile MemTest86 ya bure inakomea mizunguko 4, inatosha, iache usiku kucha. Kosa moja tu ni kosa, RAM isiyo na tatizo inatakiwa ilete sifuri. Ikileta makosa toa vipande vyote, pima kimoja kimoja kwenye slot ileile, kisha kile kibovu kihamishie slot nyingine. Makosa yakifuata kipande basi ni kipande, yakibaki kwenye slot basi hapo unaongea na kampuni ya mazabodi au unaikagua prosesa na soketi yake. Piga picha skrini ile yenye makosa, na ujue mapema kwamba kama ulinunua vipande viwili kwenye pakiti moja, mara nyingi wanataka virudi vyote viwili hata kama kimoja ni kizima, maana wanavilinganisha kiwandani. Yaani jiandae kukaa bila RAM kabisa.

Kwa hadidisiki na SSD fungua programu ya CrystalDiskInfo, inasoma afya ya diski. Kwenye hadidisiki angalia mistari ya 05, C5 na C6, hizo ni sekta zilizokufa au zinazoelekea kufa, namba zikiwa zinapanda piga skrinshoti leo na nyingine baada ya siku chache, kupanda kwenyewe ni ushahidi. C7 ikipanda tulia kwanza, mara nyingi ni waya wa SATA, badilisha waya ndo uendelee. Kwa SSD angalia pia jumla ya data iliyoandikwa, sababu waranti ya SSD huwa na vikomo viwili, miaka na TBW (terabaiti zinazoruhusiwa kuandikwa), kimojawapo kikifika imeisha. SSD nyingi za TB 1 zinaandikwa miaka 5 au TBW 600, matumizi ya kawaida ya nyumbani hufiki huko ila kama unaitumia kwa kazi za kuandika data mchana na usiku angalia kabla hujajitangaza.

Pawasaplai ni ngumu kuishika. Usiifungue, kapasita za ndani zinakaa na umeme hata ukishachomoa waya ukutani, na ukiifungua waranti nayo kwaheri. Watu wengi wanakimbilia Event Viewer, daftari la matukio la Windows, wanakuta Kernel-Power 41 wanaituma kama ushahidi kwamba pawasaplai imekufa. Ile 41 inasema tu kwamba kompyuta ilizimika bila kuzimwa vizuri, kwa nini ilizimika haijui, hata wewe ukichomoa waya utaipata. Bora utafute WHEA-Logger, ile angalau inakwambia kuna kosa la hadiweya. Njia ya uhakika ni kuazima pawasaplai nyingine yenye wati za kutosha, na hapa tega sikio: tumia waya zake yenyewe. Usibakize waya za pawasaplai ya zamani eti plagi zimeingia. Upande wa pawasaplai pini hazina mpangilio mmoja kati ya kampuni na kampuni, hata modeli na modeli za kampuni moja, ukichanganya unaweza kupeleka volti 12 panapotakiwa 5 na ukaua diski zote kwa sekunde moja, na hiyo hakuna waranti inayolipa.

Kadi ya grafiki, kama inaleta michirizi, vidoti vya rangi au skrini inakuwa nyeusi, swali la kwanza kujiuliza ni je inaonekana hata kwenye BIOS kabla Windows haijawaka? Kama ndio, piga picha hapohapo, hiyo picha moja inaua hoja nzima ya draiva kwa sababu pale draiva ya Windows haijaingia kazini bado. Kama inatokea kwenye Windows tu, futa draiva na programu ya DDU, weka mpya, ukitoka hapo ibane kadi kwa programu ya OCCT huku nyingine, HWiNFO, inaandika joto na volti kwenye faili. Video ya sekunde 30 ya simu inatosha, usitume ya dakika kumi hamna mtu atakayeiangalia.

Mazabodi na prosesa huwa unafika kwa kuondoa wengine wote. Hamna njia ya mkato.

Soma waranti kabla ya kudai

Siriali namba iko kwenye stika ya kifaa na mara nyingi kwenye boksi pia. Kampuni nyingi kwenye tovuti zao wana sehemu ya kuingiza siriali wanakwambia waranti inaisha lini, anzia hapo. Kama kifaa kimejificha ndani na hutaki kufungua, diski siriali yake inasomeka kwenye CrystalDiskInfo, RAM unaweza kuisoma kwa PowerShell ukiandika Get-CimInstance Win32_PhysicalMemory, kwenye Linux kuna dmidecode. Ila stika ndo mfalme, wataomba picha yake. Ushauri wa bure: kifaa kipya ukikinunua kipige picha stika kabla hujakifunga, kuna SSD stika yake inakaa chini ya kipoza joto, kuja kuitafuta baadae ni kufungua kompyuta nzima.

Ukiingiza siriali ikakwambia hiki ni cha OEM maana yake kifaa kiliuzwa kwa kampuni iliyounganisha kompyuta, kwa iyo mtengenezaji wa kifaa hakujui, rudi kwa aliyeuza kompyuta. Prosesa nazo hivohivo, ya boksi inakuwa na miaka 3 ya Intel au AMD wenyewe, ile iliyouzwa uchi bila boksi waranti yake ni ya muuzaji. RAM nyingi zina waranti ya maisha, ingawa maisha yenyewe wanayatafsiri wao, soma. Pawasaplai nzuri zinafika hata miaka 10.

Afu kuna swali la nani wa kuanza naye, muuzaji au mtengenezaji. Kama bado uko ndani ya siku za kurudisha dukani, anza na muuzaji bila kufikiria mara mbili, anakupa kipya au hela, wakati mtengenezaji anaweza kukupa kilichofanyiwa ukarabati na kwenye masharti imeandikwa kabisa kwamba ana haki hiyo. Sehemu zingine sheria inambana muuzaji hata muda ukienda, Umoja wa Ulaya kwa mfano muuzaji anawajibika miaka 2 hata kama karatasi ya mtengenezaji inasema mwaka mmoja, kwa iyo jua sheria ya unakoishi inakupa nini. Angalia pia waranti yenyewe inafanya kazi nchi gani, zipo za dunia nzima na zipo za eneo ulilonunulia tu, na kama ulinunua kwa mtu mkononi uliza kama waranti inahama au inamfuata mnunuzi wa kwanza.

Kitu kingine, namba ya simu ya saporti usiitafute kwa kugugo ukabonyeza tangazo la juu kabisa. Matapeli wanalipia matangazo wakijifanya saporti ya kampuni kubwa, ukipiga wanakwambia usakinishe programu ya kuingia kwenye kompyuta yako kwa mbali. Andika anwani ya tovuti ya kampuni mwenyewe, au chukua iliyo kwenye boksi. Saporti ya waranti haikuombi nenosiri la benki, na kwa RAM iliyokufa mtu anataka aingie kwenye kompyuta yako kufanya nini?

Imeili yenyewe

Kichwa cha imeili weka modeli na tatizo, kwa mfano "RMA: SSD modeli fulani, haionekani kwenye BIOS". Ndani fuata mpangilio huu, usiandike hadithi ya maisha:

Modeli na siriali namba. Tarehe ya kununua na nani aliuza, risiti imeambatishwa. Tatizo ni nini kwa sentensi moja au mbili, lilianza lini, linatokea kila saa ngapi au nikifanya nini. Kompyuta ina mazabodi gani na toleo gani la BIOS, prosesa, RAM, pawasaplai, Windows gani. Nilichojaribu na matokeo ya kila kimoja. Ninachoomba: kibadilishwe kwa waranti.

Sehemu ya nilichojaribu ndo nyama ya imeili. Angalia tofauti. Mtu anaandika "nimejaribu kila kitu lakini wapi", hiyo kwa msoma orodha ni sawa na hujajaribu kitu. Mwingine anaandika "BIOS nimeapdeti mpaka ya karibuni, nimeirudisha mipangilio ya kiwandani, XMP imezimwa. MemTest86 vipande vyote viwili makosa 212. Kipande A peke yake slot ya 2, makosa 0. Kipande B slot ya 2, makosa 198. Kipande B slot ya 4, makosa 205. Kipande B kwenye kompyuta nyingine, makosa tena. Picha nimeambatisha." Huyu wa pili atamuuliza nini? Anwani ya kutuma mzigo tu, na bora naye aimalizie kabisa chini ya imeili.

Risiti ipige picha yote, kona nne zionekane, jina la duka, tarehe, jina la kifaa. Ukiwa umenunua mtandaoni pakua ankara ya PDF, ile imeili ya "asante kwa oda yako" wengine wanaikataa. Mafaili yape majina yanayoeleweka, risiti, stika, memtest kipande B, usimtupie IMG na namba kumi aanze kubahatisha.

Kama tatizo ni la kuja na kuondoka basi ndo kazi zaidi, maana likikataa kutokea mezani kwa fundi kifaa kitarudi kama kilivyo. Kaa na daftari wiki moja uandike kila likitokea, saa ngapi, ulikuwa unafanya nini, joto lilikuwa ngapi, mpaka uone mwenendo. Nilikuwa na mazabodi inakataa kuwaka asubuhi tu, ikishapata joto iko fresh siku nzima, nisingeandika kwamba iachwe imezimwa masaa 8 ndo iwashwe wangeipima mchana wakasema nzima. Na hilo neno la asubuhi liandike kwenye fomu na kwenye karatasi ndani ya boksi pia, sababu fundi anayepima mara nyingi hajaisoma imeili yako uliyoandikiana na mwenzake.

Wakishaanza kujibu

Watauliza hata ulichoshajibu. Itatokea, zuia hasira. Nakili jibu lako la juu libandike tena, sentensi moja ya "kama nilivyoeleza" inatosha bila kejeli. Yule mtu hajaharibu kifaa chako yeye, na ndo mwenye kubonyeza kitufe cha kukupitisha.

Usifungue tiketi (faili la dai lako kwao) tatu za jambo moja ukidhani utawahi. Zitaangukia watu watatu, kila mmoja ataanza mwanzo, afu wakizigundua watazifunga mbili na yawezekana mojawapo ndo ile iliyokuwa imefika mbali. Na usiandike "vipi jamani" kila siku, kuna mifumo foleni inapangwa kwa ujumbe wa mwisho, kila ukigusa unajirudisha nyuma. Mpe siku 3 za kazi ndo ukumbushe.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Ukiongea kwa chati hifadhi mazungumzo kabla hujafunga dirisha. Ukiongea kwa simu, ukimaliza tuma imeili kwenye tiketi, "leo saa fulani nimeongea na mhudumu akanikubalia kwamba nauli ya kurudisha mnalipa nyie, naomba muthibitishe". Bila hivyo kesho utaongea na mwingine ambaye hajui lolote.

Wakikwambia ujaribu kitu ambacho hujakijaribu, kijaribu kweli. Najua inachosha kupiga Windows upya kwa ajili ya RAM iliyokwisha onyesha makosa, na hapo unaruhusiwa kusema kwa upole kwamba MemTest86 inaendeshwa nje ya Windows kwa iyo Windows haihusiki. Lakini ombi la kawaida kama kufuta CMOS (kumbukumbu ya mipangilio ya BIOS) au kubadilisha waya ni dakika tano, kubishana nalo ni siku tatu. Na usidanganye. Kama ulioverklok sema, kama kiliwahi kuanguka sema, mficha uchi hazai. Kampuni nyingi hata hazijali sana overklok ndogo, ila wakikuta ulidanganya, pini zimepinda na wewe uliandika hujawahi kutoa prosesa, mazungumzo yameishia hapo.

Kufunga mzigo

Data kwanza. Diski ikiwa bado inapumua nakili vitu vyako afu ifute yote, kuformati haraka tu hakutoshi. Jua kwamba saporti hawarudishi data, kazi yao ni kukupa diski inayofanya kazi na ile yako huioni tena. Kama imekufa kabisa huwezi kuifuta na ina mambo yako nyeti, hapo una uamuzi mgumu, kuituma au kuisamehe. Mimi diski zangu zote siku hizi naziwashia BitLocker siku ya kwanza, kwenye Linux LUKS, zinafunga data isisomeke bila ufunguo, ikifa inaenda na siri zake.

Tuma walichoomba tu. Waya, skrubu, kipoza joto, bracketi, vyote baki navyo isipokuwa wameandika virudi, maana ukituma na visivyohitajika mara nyingi huvioni tena. Piga picha kifaa pande zote kabla ya kukifunga, na hasa hasa mazabodi yenye pini kwenye soketi: picha ya karibu, mwanga mzuri, pini zote zimenyooka, ikifuatiwa na picha ya kifuniko cha plastiki kikiwa kimewekwa juu ya soketi. Kile kifuniko ambacho watu wanakitupa siku ya kwanza ndo kinachokulinda. Mazabodi ikifika bila kifuniko na pini moja imelala, wanasema umeharibu wewe, na huna cha kuwajibu.

Kifaa kiingie kwenye ule mfuko wa kijivu unaong'aa wa kuzuia umeme tuli, wa pinki hauna kinga ileile. Kisha boksi lake, lile boksi ndani ya boksi kubwa zaidi lililojazwa plastiki ya mapovu pande zote, ukilitikisa kisisikike kitu kinacheza. Namba ya RMA andika nje kwa maandishi makubwa, bila hiyo kuna maghala yanaukataa mzigo mlangoni. Chukua usafirishaji wenye namba ya kufuatilia na bima, na hiyo namba iweke kwenye tiketi siku hiyohiyo. Vibali vingi vya RMA vina siku za kuisha, usikae nacho mwezi mezani.

Kama huwezi kukaa bila kompyuta uliza kama wanakutumia mbadala kwanza. Baadhi wanakubali, wanashikilia thamani ya kifaa kwenye kadi yako ya benki mpaka kile kibovu kiwafikie, ukichelewa wanaikata kweli.

Wakikataa

Omba sababu kwa maandishi na uombe waonyeshe kifungu gani cha waranti. "Physical damage" wanayoisema iko wapi, naomba picha. Linganisha na zako ulizopiga kabla ya kufunga. Mara nyingi hapa ndo mambo yanageuka, sababu wengi huwa hawana picha na wanakubali tu. Ukiwa nazo omba tiketi ipandishwe kwa ngazi ya juu, waandikie mfuatano mfupi wa tarehe na matukio, bila matusi na bila kutishia mahakama kama hujapanga kwenda.

Kuhusu zile stika za "ukiitoa waranti imekufa", inategemea uko wapi. Marekani tume yao ya biashara ya FTC iliziandikia kampuni sita barua za onyo 2018 kwamba kuifunga waranti kwa stika za namna hiyo ni kinyume na sheria. Kwingine stika inaweza kuwa na nguvu, soma kabla hujaibandua.

Ngazi ya juu ikigoma rudi kwa muuzaji, yeye anaweza kuwa na njia yake ya kuongea na msambazaji. Kuna mamlaka ya kulinda watumiaji, na kama ulilipa kwa kadi uliza benki kuhusu kurudishiwa malipo, ila hiyo ina muda wake na ina maana zaidi kwa muuzaji kuliko mtengenezaji. Kuandika hadharani kwenye kurasa zao za mitandao ya kijamii nako kunafanya kazi, sitadanganya, ila weka namba ya tiketi na ukweli mtupu, usiweke siriali namba wala risiti hadharani kuna wezi wanaokota hizo wanadai waranti kwa jina lako.

Mbadala ukifika

Fungua boksi huku unarekodi video. Angalia modeli ni ileile au ya juu yake, siriali mpya iandike, ingiza kwenye tovuti yao uone waranti inaishia lini, kawaida unapewa muda uliobaki wa kile cha zamani au siku kadhaa, mara nyingi 90, chochote kilicho kirefu. Kisipoonekana kwenye mfumo waandikie kwenye tiketi ileile wakisajili, usisubiri kiharibike.

Kipime siku hiyohiyo kwa vipimo vilevile ulivyompiga yule marehemu, MemTest86 usiku mzima, OCCT, CrystalDiskInfo uone masaa ya matumizi. Vilivyokarabatiwa vingine vinakuja vibovu, ilishanikuta, kipande cha RAM cha kubadilishiwa kikaleta makosa usiku wa kwanza. Sikuanzisha tiketi mpya, nilijibu kwenye ileile na picha ya skrini na mstari mmoja, "mbadala siriali hii nao una makosa, vipimo vilevile", na safari ile hawakuniuliza kuhusu slot.